Mfungwa wa Kuzindulia Gereza

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msijisumbue kuitafuta, wala mtu asije akaniuliza iko upande gani wa mpaka wetu. Inaitwa Makofini. Ni nchi tulivu, raia wake wana viganja vigumu kwa kushangilia, na mambo yake yote huenda kwa utaratibu. Anayesema vinginevyo huitwa kwa utaratibu, huhojiwa kwa utaratibu, na akirudi nyumbani huwa amepoteza hamu ya kusema.

Sasa, Makofini wana desturi moja ambayo wao wenyewe wanaiona ya kawaida tu, kama kunawa mikono kabla ya kula. Jengo la serikali halizinduliwi tupu. Hospitali ikizinduliwa, mgonjwa awe kitandani. Shule ikizinduliwa, awepo mwanafunzi anayesinzia kwenye dawati. Mwaka ule walipozindua chumba cha kuhifadhia maiti, diwani mmoja mzalendo alijitolea kulala ndani dakika ishirini huku kwaya ikiimba beti zote, na mpaka leo hajapona mafua. Basi Wilaya ya Tambarare ikajengewa gereza.

Hakimu wa wilaya hiyo alikuwa mmoja tu, Bi Mashavu Kitwana. Mama wa makamo, msomaji mzuri wa sheria, mwenye sauti ya kutosha kunyamazisha mahakama nzima bila kugonga meza. Alikuwa na udhaifu mmoja. Simu ya mezani iliyokuwa ofisini kwake ikilia, tumbo lilimsokota. Hakimu aliyemtangulia aliwahi kuipokea akajibu "haiwezekani", na wiki ile ile akahamishiwa Kisiwa cha Mbung'o, ambako mahakama haina paa na washtakiwa ni kima. Bi Mashavu alikuwa na picha ya hakimu huyo ukutani. Aliitazama kila simu ilipolia.

Jumatatu saa tatu asubuhi ikalia.

"Bi Hakimu," ilisema sauti ya Mkuu wa Wilaya, Bwana Mfaume Tego, "Jumamosi anakuja Mheshimiwa Mkuu wa Wote kuzindua gereza letu. Una wafungwa wangapi?"

"Sina hata mmoja, Mkuu. Wilaya imetulia."

"Imetulia! Nani kawaruhusu kutulia wiki hii?"

"Sijui, Mkuu."

"Basi yupo yule fundi. Wa saruji. Yuko rumande siku ya ngapi?"

"Ya sita."

"Mbona unamchelewesha maskini wa Mungu? Mhukumu Ijumaa. Miaka mitatu itamtosha, sisi si wakatili." Akakata simu. Bi Mashavu akabaki ameshika mkono wa simu, akimtazama mwenzake wa Kisiwa cha Mbung'o.

Huyo fundi wa saruji jina lake Ngwali. Ndiye aliyejenga gereza lenyewe, tofali kwa tofali, na alishtakiwa kuiba mifuko themanini ya saruji kutoka pale pale kwenye ujenzi. Siku ya kwanza Bi Mashavu alipolisoma jalada alicheka peke yake ofisini hadi akafuta machozi. Ushahidi ulikuwa wa aina mbili. Kwanza, mshtakiwa ni fundi mwashi. Pili, alikamatwa akiwa na saruji kwenye suruali. Angemwachia siku ile ile na kurudi kwenye chai yake. Lakini simu ililia kabla hajakaa sawa, na alipoingia mahakamani akajisikia akisema: "Kesi imeahirishwa kwa ajili ya upelelezi. Mshtakiwa arudi rumande." Ilikuwa rahisi ajabu.

Jumanne kesi ikasikilizwa. Mwendesha mashtaka, Inspekta Pazi, alikuwa mtu wa kusimama wima na kusema kwa herufi kubwa.

"Mheshimiwa Hakimu! Upande wa mashtaka umekesha katika kuitafuta haki! Umeipekua wilaya! Na umeikuta haki imetulia, imekaa, juu ya goti la kulia la suruali ya mshtakiwa!" Akainua suruali ile juu ili watu waione. "Saruji!"

Watu wakapiga makofi, kwa mazoea.

"Mshtakiwa," akauliza Bi Mashavu, "una la kusema?"

Ngwali alikuwa kipande cha mtu mfupi, mikono mikubwa, uso wa mtu aliyezoea kukadiria mambo kabla ya kuyagusa. "Mheshimiwa, mimi ni mwashi. Sasa niende kazini niwe na unga wa maandazi kwenye suruali?"

Mahakama ikaangua kicheko. Inspekta Pazi akasema kwa ukali kwamba huo ni mzaha dhidi ya saruji ya umma.

"Na kitu kingine, Mheshimiwa," Ngwali akaongeza, sauti imeshuka. "Mke wangu ana siku zake hizi hizi za kujifungua. Hana mtu nyumbani. Kama kunihukumu, nihukumu. Kama kuniachia, niachie. Ila nisiwekwe tu."

Maneno yale yalimchoma Bi Mashavu, sitaki kuficha. Alijua kabisa la kufanya. Kisha kupitia mlango wa ofisi akasikia simu ikianza kulia, ngriii, ngriii. "Mahakama itatafakari," akasema. "Ijumaa. Mshtakiwa arudi rumande."

Mtoto akazaliwa Jumatano. Habari ililetwa na mkuu wa gereza jipya, Afande Nyamizi, mwanamke mrefu aliyepigiwa pasi tangu kofia mpaka kamba za viatu. Alikuja ofisini kwa Bi Mashavu na shida yake.

"Mke wa fundi kajifungua salama, Mheshimiwa, wa kiume. Jirani ndiye aliyemzalisha. Fundi kaambiwa kupitia dirishani, kalia, kacheka, kalia tena." Akakohoa. "Mheshimiwa, mimi simsemei mtu. Ila nimekabidhiwa askari arobaini na funguo arobaini, wanafunga milango na kufungua tangu asubuhi hadi jioni, na ndani hamna kitu. Vijana wanaanza kuvunjika moyo. Jana mmoja alimfungia mwenzake ili apate uzoefu."

"Afande, unanishauri nini?"

"Mimi? Nikushauri? Hasha, Mheshimiwa. Mimi nahesabu tu."

Baada yake wakaja akina mama wa kwaya, ambao walikwisha shona sare na kutunga wimbo uitwao "Karibu Mfungwa Wetu". Walikaa kwenye benchi wakamtazama Bi Mashavu kwa huruma kama mtu anayetaka kuharibu harusi ya watu. Sheria ya Makofini inasema hakimu asishinikizwe, na kwa kweli hakushinikizwa. Alitembelewa tu, na watu kumi na saba.

Alhamisi akafanya jambo ambalo lilikuwa halijafanyika Tambarare tangu mahakama ijengwe. Alikwenda kuona mahali penyewe panaposemwa. Akamchukua Inspekta Pazi, akamchukua Ngwali na pingu zake, wakaenda gerezani kwa miguu.

Gereza lilipendeza kwa mbali. Kwa karibu, Ngwali aliomba ruhusa, akapitisha ukucha wa kidole gumba ukutani, na mchanga ukachuruzika chini kama sukari. Akaacha mstari mrefu mzuri.

"Hii ni lipu?" Bi Mashavu akauliza.

"Hii ni heshima tu, Mheshimiwa. Ukuta huu unasimama kwa heshima. Mahesabu ya mhandisi yalitaka mfuko mmoja kwa tofali arobaini. Mimi nikaletewa mmoja kwa tofali mia tatu. Nikamfuata Mkuu wa Wilaya, nikamwambia, Mkuu, saruji haitoshi. Akasema mchanga wa wilaya hii una nguvu."

"Na mlango huu mbona mwembamba hivi? Mtu anapitaje?"

"Nilimuuliza pia. Akasema wafungwa ni watu wembamba, nisiharibu mbao."

Bi Mashavu akainua macho. Kule kilimani, nyuma ya nyumba ya Mkuu wa Wilaya, palikuwa na banda la kuku. Lilikuwa la ghorofa mbili, limepigwa lipu laini, lina ngazi za zege na kibaraza. Jogoo alisimama kibarazani anawatazama.

"Banda lile kajenga nani?"

"Si mimi," akasema Ngwali. "Mimi nilikuwa huku nabembeleza mchanga."

Inspekta Pazi alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Aliifunga muda mrefu sana, na viatu vyake vilikuwa vya kuchomeka tu, visivyo na kamba.

Ijumaa Bi Mashavu akasoma hukumu. Simu ilianza kulia alipofika kwenye neno "Jamhuri" na haikunyamaza mpaka mwisho. Mara mbili akarudia mstari mmoja. Lakini akasoma. Saruji kwenye suruali ya mwashi haithibitishi kitu. Mshtakiwa hana hatia. Aachiwe sasa hivi. Ngwali hakusubiri makofi. Alitoka kizimbani mbio kwenda kumwona mwanawe, na pingu moja ikining'inia mkononi. Kwaya ya akina mama ikatoka nje ikilia.

Jamani, msiombe kumwona mkubwa aliyekosa mfungwa. Bwana Tego aliisimamisha wilaya kwa mguu mmoja. Alipiga simu wilaya ya jirani kuazima mfungwa hata wa saa mbili, akajibiwa kwamba wote wameazimwa kwenye mashindano ya kufagia. Akatuma watu sokoni wakamate wezi, na wezi, kwa kuwa walikuwa wakisoma magazeti, walikwisha kwenda kwa ndugu zao. Jumamosi saa nne, ving'ora vya msafara vikasikika darajani, na gereza tupu.

"Inspekta Pazi, ingia wewe," akaamuru.

"Mkuu, mimi nina pumu."

"Afande Nyamizi!"

"Nikiingia mimi, Mkuu, atakayefunga ni nani?"

Bwana Tego alitazama huku, akatazama huku. Alikuwa amekwisha kupima koti la kupokelea nishani. "Leteni hizo nguo," akasema. "Dakika kumi tu, kisha mnifungulie kwa nyuma."

Alikuwa mtu mkubwa, mwenye tumbo la kutangulia. Shati la mfungwa likagoma kufunga vifungo. Mlangoni akaingia ubavu, akakwama, akavuta pumzi, askari wawili wakamsukuma na wa tatu akahesabu, moja, mbili, tatu, hoo! Akaingia. Bi Mashavu aliyaona yote hayo akiwa kwenye kiti cha wageni, na kwa mara ya kwanza wiki ile tumbo lake lilikuwa limetulia kabisa.

Mheshimiwa Mkuu wa Wote akafika, akakata utepe, akachungulia kwenye nondo. Mtaniuliza, je, hakumtambua Mkuu wake wa Wilaya? Angemtambuaje? Miaka yote ile Bwana Tego mbele yake alikuwa ameinama, hata Mheshimiwa alikuwa akijua kisogo chake tu.

"Huyu kafanya nini?" akauliza.

Kwaya ikakata wimbo. Wakubwa wakatazama viatu vyao. Inspekta Pazi, ambaye mkononi alikuwa na hati moja tu ya mashtaka na kichwani jibu moja tu, akapiga saluti. "Saruji, Mheshimiwa! Mifuko themanini!"

"Aa!" Mheshimiwa akageukia vipaza sauti. "Ndugu wananchi! Mtu anayeiba saruji ya umma ameiba ukuta wa shule ambayo haijajengwa! Ameiba daraja ambalo tulikuwa hatujaliwazia! Huyu si binadamu, huyu ni mchwa mwenye suruali! Mtazameni!"

Watu wakapiga makofi. Bwana Tego naye, kwa kuzoea, akapiga makofi humo ndani, tena kwa bidii kuliko wote.

"Mnaona?" akasema Mheshimiwa kwa furaha. "Amekwisha anza kubadilika." Akaitisha daftari la wafungwa, akatoa kalamu yake ya wino wa kijani, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: *Mfungwa Na. 1. Saruji. Miaka mitatu.* Akaondoka na msafara wake. Bwana Tego hakufungua mdomo. Angesema nini? Kwamba gereza lilikuwa tupu?

Vumbi lilipotua, akanong'ona kwenye nondo. "Afande. Haya, fungua."

"Siwezi, Mkuu," akasema Afande Nyamizi, na macho yake yalikuwa na huzuni ya kweli. "Wino wa kijani. Unafutwa na mahakama peke yake, na mahakama ni Jumatatu."

Jumapili nzima alikaa humo, na hapo ndipo palipokuwa na kichekesho. Angetaka, angetoka. Jumamosi jioni alipojiegemeza ukutani kwa uchovu, ukuta ulibonyea ukachora mgongo wake wote, mpaka mikunjo ya shingo. Msukumo mmoja tu angekuwa nje. Lakini nani kwenye wilaya ile angethubutu kuusukuma ukuta, kama si aliyejua saruji ilikokwenda? Na mtu akiuangusha ukuta wa serikali kwa mgongo, ataulizwa. Basi akakaa katikati ya chumba, kwenye sakafu, mbali na kuta zote nne, kama mtu aliyefungiwa na chui wanne waliolala.

Jumatatu asubuhi watu walijaa mahakamani hadi madirishani. Njiani walimzuia Bi Mashavu wakamshika mikono. "Mheshimiwa, mama yetu, usimhukumu. Tafakari tu. Tafakari mpaka mwezi ujao." Mzee mmoja muuza kahawa alimletea kikombe, akamwambia anywe taratibu, hakuna haraka yoyote; akaingia nacho mahakamani.

Bwana Tego akapandishwa kizimbani, shati wazi tumboni. Inspekta Pazi akasimama. Upepo ulikuwa umegeuka na yeye alikuwa amegeuka nao. Hati yake ilikuwa ile ile ya wiki iliyopita, jina la Ngwali limepakwa rangi nyeupe na jingine kuandikwa juu.

"Mheshimiwa Hakimu! Upande wa mashtaka umeikuta haki! Imekaa mgongoni, na nyuma ya suruali ya mshtakiwa! Saruji! Kidogo, na mchanga mwingi, lakini saruji!"

Mahakama ililipuka. Bi Mashavu mwenyewe aliuma mdomo. Alimtazama yule mtu kizimbani na akaona utamu, jamani, utamu wa kweli, umemjaa kinywani. Mwizi ni huyu. Alilijua banda, aliujua mchanga. Hakuhitaji hata kumfunga. Alihitaji kusema tu yale maneno yaliyokuwa rahisi ajabu, arudi rumande, na kila mtu angembeba mabegani, na kwa mara ya kwanza simu isingelia, kwa sababu mpigaji yuko hapa mbele yake.

Akanywa kahawa yote.

"Vumbi kwenye suruali halikuwa ushahidi wiki iliyopita," akasema, "na wiki hii halijageuka. Mtu huyu alifungwa bila kushtakiwa wala kusikilizwa. Kifungo hicho kinafutwa, wino uwe wa rangi yoyote. Anaachiwa kwa dhamana. Mpelelezi aletwe kutoka wilaya nyingine, akapime banda la kuku na ukuta wa gereza. Banda lisiguswe. Ukuta usiguswe, na hasa pale penye mgongo."

Watu wakaguna vibaya sana. Bwana Tego akatokwa na machozi. "Nilijua, Bi Hakimu," akasema, "nilijua wewe ni mtu wetu."

"Mimi si mtu wako. Nenda nyumbani ukasubiri wito. Na leta wakili, kwa sababu nitakusikiliza neno kwa neno."

Nje, Ngwali alikuwa anamngoja kwenye kibaraza, mwanawe amefungwa kwenye khanga kifuani. Hakumwamkia.

"Siku mbili," akasema. "Yeye siku mbili, Mheshimiwa, tena kwa kuingia mwenyewe. Mimi siku kumi. Sheria ya nini hiyo?"

Bi Mashavu angeweza kumweleza kuhusu upelelezi na ratiba ya mahakama. Maneno hayo alikuwa nayo tele. Badala yake alimtazama yule mtoto, kichwa chake kidogo kimelala kwenye kidevu cha baba, na akasikia aibu imempanda mpaka masikioni.

"Si sheria," akasema. "Siku ya kwanza niliposoma jalada lako nilijua huna hatia. Nilicheka, Fundi. Kisha simu ikalia nikaogopa, nikakurudisha. Nikaogopa tena, nikakurudisha tena. Wewe hukukaa siku kumi kwa sababu ya Tego peke yake. Ya kwanza ni yake, tisa ni zangu."

Ngwali alimpapasa mtoto mgongoni kwa kile kiganja kikubwa.

"Alizaliwa siku ya nane," akasema.

"Najua."

Kabla Bi Mashavu hajasema jingine, Afande Nyamizi akafika mbio na futi ya kupimia. Mlango wa gereza ulikuwa umepasuka fremu walipomtoa mkubwa asubuhi. Ilibidi ubomolewe ujengwe upya, safari hii kwa saruji, na fundi wilayani ni mmoja. "Nipe kipimo tu, Fundi, nikaagize mbao."

"Wa kwanza nilipimiwa watu wembamba," akasema Ngwali. Akamgeukia Bi Mashavu. "Huu niuweke upana gani, Mheshimiwa?"

Ndani, simu ikaanza kulia, ngriii, ngriii. Sijui ilikuwa inapigwa kutoka wapi. Makofini hawakosi mtu wa kupiga. Bi Mashavu hakugeuka.

"Upana wa kupita mtu yeyote," akasema.

Ngwali akafikiri. Akachukua futi kwa Afande, akamsogelea Bi Mashavu. "Samahani," akasema kwa adabu zote, akainyoosha juu ya joho lake jeusi kutoka bega hili mpaka bega lile, akasoma namba. Na Hakimu wa Tambarare akasimama wima, mikono chini, akangoja amalize kumpima.